Pampu ya Siku za Wageni

Kabla ya kuwa mbunge alikuwa fundi cherehani, na jina la Mama Foleni hakulipata bungeni. Alilipata kisimani. Wanawake walipogombania maji mpaka madumu yakaruka, yeye ndiye aliyesimama katikati na kuamua nani atangulie, na hakuna aliyethubutu kuruka zamu, hata mke wa diwani. Mwaka wa uchaguzi watu wakasema, huyu aliyetupanga sisi tulivyo wakorofi, serikali itamshinda nini? Wakampa kura.

Serikali ikawa ngumu kuliko wanawake wenye kiu.

Swali lake la kwanza bungeni lilikuwa lile alilowaahidi watu. Kwa nini pampu ya kisima kirefu haitoi maji? Na kwa nini wanawake wanaolazimika kwenda mtoni wanavamiwa njiani, wanaporwa simu na punda, wengine wanapigwa, ilhali kituo kidogo cha polisi kipo palepale na kufuli mlangoni?

Naibu Waziri alisimama, akaweka miwani sawa. "Mheshimiwa Spika, wataalamu wetu wamefika wakajionea. Pampu inafanya kazi, maji yanatoka, askari wapo. Labda Mheshimiwa Mbunge hajafika jimboni siku za karibuni."

Wenzake wakapiga meza kwa kicheko. Mama Foleni aliketi. Kejeli haikumuuma sana. Kilichomkera ni kwamba yule bwana hakuwa na sura ya mwongo. Fundi cherehani humjua mteja anayedanganya kuhusu kiuno chake, na Naibu Waziri aliamini kila neno alilosema.

Akaomba aongozane na wataalamu. Walipofika, pampu ilikuwa inanguruma, maji yanamwagika mpaka watoto wanacheza tope, na askari wawili wamesimama mbele ya kituo na sare zilizopigwa pasi. Walipoondoka tu, pampu ikazima, kituo kikafungwa, na maboza ya yule mfanyabiashara tuliyemwita Mwenye Maboza yakarudi barabarani kuuza maji kama kawaida.

Kumbe kuna mtu anayetoa habari. Mama mkwe wa Mama Foleni, ambaye hakuwa na maneno mengi, alimwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Kung'uta nguo."

Akaanza na dereva. Huyo alikuwa naye tangu kampeni, na ndiye aliyejua kila safari. Siku moja alimwona kituo cha mafuta akicheka na utingo wa boza. Tangu hapo hakumwangalia tena kwa macho yale ya zamani. Simu ya dereva ikilia, yeye anakaza masikio. Dereva akisogea pembeni kupokea, yeye anashusha kioo.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Shangazi yangu, Mheshimiwa."

"Shangazi gani huyo anayepiga kila tukitaka kusafiri?"

"Ni mgonjwa, mama. Anataka kujua kama nitapita kwake."

"Na yule utingo, naye shangazi?"

Dereva aliegesha gari kando ya barabara, akazima injini. "Mama, nimekuendesha tangu wakati ule hatuna mafuta, tunasukuma gari na wewe mwenyewe ukisukuma. Kama leo mimi ni msaliti, ufunguo huu hapa."

Alidhani Mama Foleni atakataa kuupokea. Akaupokea.

Baada ya hapo aliishawishi kamati ya bunge itembelee jimbo lake. Safari hii alikuwa mwangalifu. Katibu wake hakuambiwa, diwani hakuambiwa, na gari lilikuwa la kamati na dereva wao. Aliyejua ni mmoja tu, mume wake, mwalimu mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mpole, akitunza nyumba na wajukuu wakati mke yuko bungeni, na kila jioni alipiga simu kuuliza, "Unakuja lini, mama watoto, nijue nikuandalie nini?"

Kamati ilipofika, pampu ilikuwa inanguruma.

Mwenyekiti wa kamati alinawa uso kwa maji yale, akamgeukia kwa huruma. "Mheshimiwa, mbona maji yapo?"

Mama Foleni aliona aibu kwanza, kisha akaanza kuhesabu waliojua. Dereva hayupo. Katibu hakujua. Akakataa kumalizia hesabu ile. Alijiambia labda ni bahati, labda wana mtu huko huko kwenye kamati. Lakini wasiwasi ni kama mwiba wa samaki kooni, kila ukimeza unakukumbusha kuwa upo.

Juma lililofuata alipanda basi, kisha bodaboda, kichwani kajitanda kanga mpaka machoni. Hakumwambia mtu. Kisimani alikuta pampu kimya, nyaya zake zimefunguliwa na kuondolewa. Foleni ya madumu ilisubiri boza. Alipojifunua, mwanamke mmoja aliyewahi kushonewa naye gauni la harusi alishtuka.

"Mheshimiwa! Mbona leo? Leo si siku ya wageni."

"Siku ya wageni ndiyo siku gani?"

Wanawake wakatazamana. Yule akasema polepole, "Fundi huja asubuhi na nyaya zake, anafunga. Wageni wakiondoka, anafungua, anaondoka nazo. Sisi tulidhani unajua. Tulidhani ni mpango wenu, wewe na Mwalimu. Maana yeye ndiye hupita kutuambia tusiende mtoni siku hiyo."

Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mumewe alikuwa barazani akichambua maharage kwenye ungo. Alipomwona, mkono wake ukasimama.

"Umewaambia nani nakuja na kamati?"

Hakujifanya kutoelewa. "Walikuja watu wawili," alisema. "Wakaketi hapo ulipo. Hawakunitisha. Waliniuliza tu kama naijua kona ya darajani, pale gari lako linapopunguza mwendo. Wakasema barabara ni mbaya, ni vizuri wajue mama anapita lini, ili apite salama." Akautua ungo chini. "Na tangu niwaambie, umepita salama."

"Na wale wanaopigwa njia ya mtoni?"

"Wale si wake zangu."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, alijiziba mdomo. Mama Foleni alimtazama mtu aliyeishi naye miaka yote ile. Kisha macho yakamvuka, yakatua kwenye tenki lililokuwa nyuma ya nyumba. Lilikuwa limejaa mpaka linachuruzika pembeni. Mji mzima ulikuwa mkavu.

"Hilo nani analijaza?"

"Nalipia, mama watoto. Kama watu wengine."

Pengine ilikuwa kweli. Hakuweza kujua, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Bungeni alisubiri swali la nyongeza. "Mheshimiwa Spika, namwomba Waziri aje kisimani bila kumwambia mtu. Asiniambie hata mimi. Maana habari za safari hizi zimekuwa zikitoka nyumbani kwangu, kwa mume wangu."

Safari hii meza hazikupigwa.

Waziri alikuja, na kweli hakumwambia mtu. Alikuta pampu bila nyaya na kituo bila askari. Fundi alikamatwa, askari wakabadilishwa, na njia ya mtoni ikapata doria. Maji sasa yanatoka siku nyingi kuliko zisizotoka. Mwenye Maboza hakuguswa. Alihamisha maboza yake jimbo la jirani, na tunasikia huko pampu zimeanza kuharibika.

Mama Foleni alikwenda kwa dereva kuomba radhi. Alimkuta akimlisha shangazi yake uji kwa kijiko. Dereva alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti.

"Nimekusamehe, mama. Ila kukuendesha, hapana. Nitakuwa naangalia kioo cha ndani kila saa nijue unaniangaliaje."

Mama Foleni mwenyewe alimpeleka mumewe polisi, akatoe maelezo kuhusu wale watu wawili. Alimsubiri kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi nusu, akisikia sauti ile ya upole aliyoizoea. Mwalimu alimtaja mmoja kwa jina. Wa pili alisema hamfahamu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mama Foleni hakumuuliza kuhusu yule wa pili, na Mwalimu hakusema.