Wimbo wa Uani Uliotoka Barabarani

Mtaa mzima ulimwita Bushi Taratibu, na aliyemtungia jina hilo hakumtungia kwa mapenzi. Hapa mjini muziki wa vijana unakimbia mpaka mchezaji anatoka povu. Bushiri yeye alitengeneza muziki unaotambaa. Ukiwekwa, watu wanaangaliana. "Mwanangu, hii ngoma ina malaria?" walimuuliza. Naye hucheka, maana utafanyaje, ukijibu kila mzaha utagombana na mtaa mzima.

Kilichomlisha si huo muziki. Alikuwa akirekodi matangazo ya vipaza sauti vya Kariakoo, yale yanayojirudia kutwa nzima mpaka muuzaji mwenyewe anayaota: njoo uone, njoo ushike, kushika bure. Alikaa kwa shangazi yake, Mwanamkuu, nyumba ya uani nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Chumbani kompyuta moja, spika mbili, na magodoro makuukuu ukutani ya kuzuia kelele. Akimaliza matangazo ya watu ndipo anarudi kwenye mambo yake. Hukamata sauti za pale pale, ufagio wa chelewa, honi ya meli bandarini, mchele ukipetwa kwenye ungo, kisha huzipunguza mwendo mpaka ufagio unasikika kama mtu anavuta pumzi usingizini. Chini yake anaweka besi kidogo, basi. Tusimnyime haki yake, mtoto alikuwa na sikio.

Mwanamkuu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mwenyewe hakujaaliwa kuzaa, lakini alikuwa na watoto kuwashinda wenye uzazi, kwa sababu alikuwa kungwi. Binti akivunja ungo, mama yake huja kwa Mwanamkuu, na Mwanamkuu humfunda ya utu uzima, humwimbia nyimbo ambazo mwanamume hatakiwi kuzisikia hata kwa bahati mbaya. Nyimbo za unyago haziimbwi sebuleni. Zinatoka kinywani mwa kungwi zinaingia sikioni mwa mwali, na hapo ndipo zinapolala.

Sasa, asubuhi akiwa peke yake uani anakuna nazi, Mwanamkuu alikuwa na wimbo mmoja anaouimba mdomo umefumba. Maneno hamna, ni sauti tu, inapanda kidogo, inashuka sana. Bushiri akitokea mlangoni, wimbo unakatika, shangazi anaingia kwenye kaswida. Hata siku moja hakuacha kuukata. Mtu mzima haelezwi maana ya jambo kama hilo, na Bushiri alikuwa mtu mzima, ndevu zimejaa. Hakujua wimbo ule ni wa nini, lakini alijua si wake. Na bado, asubuhi moja, akaiegesha simu dirishani nyuma ya pazia ikirekodi, mwenyewe akaenda kununua maandazi, eti ili asiwepo.

Humo ndimo ulimotoka "Uani", muziki uliompa jina. Wenye mikahawa ya ufukweni waliupenda, wakaupiga wageni wanywe kahawa zao kwa utulivu. Akaitwa kupiga kwenye paa la hoteli, akavaa miwani ya jua tangu ndani ya lifti. Mtandaoni watu wakauliza, huyo mama anayeimba ni nani? Akajibu, "Sauti tu ya mtaani." Jamani! Mwanamke aliyemlisha ubwabwa tangu hana meno, leo sauti tu ya mtaani.

Pengine mambo yangeishia huko ufukweni, ambako hakuna wa kuutambua. Lakini Abdulatif, muuza vitenge wa Kariakoo, akataka tangazo "lenye kamuziki katamu kwa chini". Siku hiyo uvivu ulikuwa umemkalia Bushiri. Akautandika "Uani" chini ya bei za vitenge, akampelekea. Wimbo wa ndani ukapanda juu ya kibanda, ukapigwa tangu maduka yanafunguliwa mpaka yanafungwa.

Mwanamkuu alikuja Kariakoo na Shamsa, jirani yake, kununua kanga za binti wa Shamsa aliyekuwa anakaribia kuchezwa unyago. Bushiri alikuwa kibandani kwa Abdulatif, ana soda mkononi. Akawaona, akasimama kwa furaha.

"Shikamoo, shangazi."

Marahaba haikuja. Shamsa alikuwa ameinua uso anakitazama kipaza sauti, kisha akajifunika mdomo na kanga.

"Mwanamkuu," alisema polepole, "hii si sauti yako? Na wimbo si ule? Si ule ulionifundia mimi?"

Mwanamkuu alisimama katikati ya watu akijisikiliza. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua vitenge waliviacha wakaondoka wameinamisha vichwa, na mmoja alikuwa anacheka kile kicheko cha mtu aliyeona utupu wa mkwewe. Hapo akapita kijana anasukuma mkokoteni wa marobota, anaupiga mluzi wimbo ule ule, na kona zake zote. Alikuwa ameshaukariri kwa kuusikia kila siku. Mwanamume, barabarani, mchana kweupe.

Hakuna aliyemweleza Bushiri kitu, lakini alielewa.

"Zima," alimwambia Abdulatif.

"Kuna nini?"

"Zima, nakuomba."

Ikazimwa. Kijana wa mkokoteni, asiyejua hili wala lile, aliendelea na mluzi wake kuelekea Mchafukoge.

Jioni hiyo Bushiri alifuta kila alichoweza kufuta. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na wimbo ulikuwa umeshaingia kwenye simu za watu na kadi za nyimbo zinazouzwa vichochoroni. Hakula. Alitamani shangazi amtukane, ampige hata na mwiko, aone mwisho wa jambo. Shangazi alimwekea chakula kama kawaida, akakifunika, akaenda kulala.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri wanawake walikuja, wakakaa mkekani uani. Bushiri alijifungia chumbani, na magodoro yake yote hayakumsaidia, alisikia kila neno. Walisema kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Hatukulaumu, Mwanamkuu," alisema mmoja. "Ila kungwi ambaye nyumba yake ina masikio, tumpe vipi watoto wetu?"

Binti wa Shamsa akapewa kungwi mwingine. Na wimbo wenyewe wakakubaliana usiimbwe tena. Uliopigwa sokoni haurudi ndani.

Siku binti wa Shamsa anatolewa nje baada ya kufundwa, ngoma ilisikika kutoka nyumba ya tatu. Mwanamkuu alikuwa ameoga, amejifunga kanga mpya, amekaa uani. Hakuna aliyemwita. Bushiri akaja akapiga magoti mbele yake.

"Shangazi, niache niende nikawaambie. Mwizi ni mimi, wewe hukujua."

"Wanajua ni wewe," alisema Mwanamkuu. "Nani mwingine?"

"Basi nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile, tukiwa bado Kariakoo. Nimekulea, nitakufanya nini?" Akaisikiliza ngoma kidogo. "Wimbo ule alinipa bibi yako. Nilitakiwa nimwachie mtu wa kufunda nao kabla sijafa, na wewe ndiye mtoto pekee niliye naye, wewe mwanamume. Nilikuwa nawategemea hao mabinti."

"Shangazi…"

"Umewasikilizisha watu wa dunia nzima, Bushiri, na sasa sina hata mmoja wa kumfundisha."

Bushiri alibaki vile vile, magoti chini, macho sakafuni. Uso angeupeleka wapi?