Nilisema Nimemwona, Kumbe Sikumwona

Admin, naomba ufiche jina langu na la kanisa letu. Majina yote humu nimeyabadilisha. Nina miaka arobaini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu, tunaishi Mabawa hapa Tanga. Huu ni mwaka wa tisa mimi ni mzee wa kanisa. Watu wananiheshimu kwa msimamo wangu, na hicho ndicho kinachonitia hofu sasa.

Miaka sita iliyopita kwenye kwaya yetu kulikuwa na binti, nimwite Neema. Alikuwa amechumbiwa, ndoa imeshatangazwa mara ya kwanza. Jirani yangu akaniambia Neema anatembea na mume wa mtu, na kwamba Jumamosi mchana huyo mwanamume alionekana akitoka chumbani kwake. Nikaamini. Habari zikafika baraza la wazee. Neema alikana huku analia. Mchungaji akatuuliza, "Nani kati yenu ameona kwa macho yake?"

Wazee wakatazamana. Nikaona dhambi inataka kupita hivi hivi. Nikasimama nikasema, "Mimi nimeona."

Sikuona kitu. Nilikuwa na uhakika tu.

Neema akatengwa Meza ya Bwana, akatolewa kwaya. Mchumba akavunja uchumba. Mama yake, ambaye ni mjane, akamwambia asikanyage tena kwake, naye akahamia kwa shangazi yake Pangani. Mimi nilikuwa nalala usingizi wangu vizuri kabisa.

Mwezi uliopita nilikwenda msibani huko Pangani, ng'ambo ya mto. Tulipokaa kula, aliyekuwa akipita kutunawisha mikono ni Neema. Akapiga goti. "Shikamoo, Mama Yona." Akanimiminia maji. Mengine yakamwagikia khanga yangu. Baadaye akanifuata nyuma ya nyumba.

"Mama, Jumamosi ile sikuwepo hata Tanga. Nilikuwa Muheza, nimempeleka bibi hospitali."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilisema. Ila wewe ulishasema umeona."

Nikaanza kulia. Akanishika bega. "Nilikuchukia sana, sikufichi. Mwisho nikachoka kuchukia. Nimekusamehe, na sitamwambia mtu. Ila mama yangu mpaka leo hapokei simu yangu."

Tangu siku hiyo sina amani. Mama yake anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Sukari inamsumbua, amekonda sana. Kila tukikutana ananishukuru, anasema bila mimi asingeijua tabia ya mwanawe. Nikiwa nasali, nikifika mahali pa kuomba kusamehewa makosa yangu, naparuka.

Nilimweleza mume wangu, ambaye ni mwinjilisti. Akasema, "Binti mwenyewe ameshasamehe. Ukifukua hayo utavuliwa uzee, na mimi nitasimama kuhubiri nini?"

Juzi baraza limeletewa kesi ya binti mwingine. Wazee wote wakanigeukia mimi. Nikasema tumsamehe, tukae naye, tusimtenge. Mchungaji akanitazama. "Mama Yona, leo ni wewe unayesema hivyo?" Nikainama natafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

Naogopa mama huyu asije akafa anaamini uongo wangu. Naogopa pia akiujua ukweli sukari impande, niwe nimemuua kwa mdomo huu huu. Naogopa watoto wangu watanitazama vipi. Na kwa kweli, kuliko vyote, namwogopa Mungu, maana nilisema uongo mbele ya watumishi wake nikidhani namsaidia kazi. Mara mbili nimekwenda mpaka mlangoni kwa mama yake Neema. Mara ya pili alinivutia kiti, nikamwambia napita tu.

Ndugu zangu mnaosoma, msinifariji. Neema amenisamehe kabla sijamwomba, na neno la samahani sijamtamkia mpaka leo, siku ile nililia tu. Nianzie kwa mama yake, au nisimame kwanza mbele ya baraza lile lile? Walioshika cheo kanisani na waliowahi kusingiziwa, nawaomba ninyi hasa mnijibu. Na msichelewe, kwa sababu keshokutwa yule mama anakwenda kliniki, na ameomba mimi ndiye nimsindikize. Tutakuwa wawili tu. Nimwambie nini?