Mawe Matatu ya Baba

Asubuhi ile, siku moja kabla ya Mapinduzi, shambani kwetu Unguja, baba alikuwa akikaanga kahawa. "Zuwena, wewe kunusa tu, kukoroga hutaki," alinitania. Nilikuwa na miaka kumi. Kaka yangu Nassor alikuwa masomoni Misri.

Kesho yake watu waliingia uani na mapanga na bunduki moja. Walimwita baba kwa jina.

Alitoka.

Tulisikia mlio mmoja.

Wanaume wa jirani walikuwa wamekimbia. Mama na mimi tulimzika wenyewe, makaburini nyuma ya msikiti. Kwetu kaburi haliandikwi jina; la mwanamume huwekwa mawe mawili, la mwanamke matatu. Tulichelea wasije kumfukua. Mama akaweka matatu.

"Wakija, wajue ni mwanamke."

Miezi michache baadaye tulihamia Maskati, Nassor akatufuata huko; mama hadi anafariki hakuyataja tena mawe yale.

Mwaka jana nilimsindikiza Nassor Ujerumani kutibiwa moyo. Mji mdogo tuliofikia zamani ulikuwa na Mayahudi. Waliokuwapo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walichukuliwa wakauawa. Kwenye mwimo wa mlango wa duka la mikate umebaki mkato wa mshazari, palipopachikwa kijisanduku cha maandiko yao ya dini. Makaburi yao ya zamani yako nyuma ya ukuta. Tulimkuta bibi wa Kijerumani akisugua kuvu kwenye majina. Mkalimani wetu alimuuliza kama jamaa za waliozikwa pale huja.

"Mmoja alikuja, kutoka mbali," alijibu. "Alimpata babu yake."

Nassor akakaa kwenye benchi.

"Mara mbili nimekwenda Unguja," akaniambia. "Kwenye kila kaburi la mawe mawili nilisimama. Mzee sikumpata."

"Yalikuwa matatu, kaka."

Akanigeukia.

"La pembeni, karibu na kisima?"

"Hilo."

"Nililiona, Zuwena. Nikamuombea bibi niliyedhani amezikwa pale, nikapita. Safari ya pili nikakuta upande ule pamejengwa nyumba. Mbona hukunambia?"

Sikuwa nimesahau. Alipokuwa akifunga mizigo, safari zote mbili, nilijua anakwenda kutafuta nini. Niliogopa atarudi aniambie halipo. Maadamu hakuna aliyetafuta la mawe matatu, kwangu lilikuwapo.

Sasa tunakaa mtaa mmoja, Sib, nje kidogo ya Maskati. Kila Ijumaa Nassor huniletea samaki, huuliza hali yangu, hunywa kahawa. Hajanilaumu hata siku moja. Ila ya Unguja hatuyataji tena, wala jina la baba.