Paka niliyemkabidhi mjane wa Rangwi nikijua anahara

Wakuu, salamu kwenu nyote. Wajukuu zangu, marahaba kabla hamjaniamkia. Wakubwa zangu kama bado mmo humu, shikamooni.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu. Account hii alinifungulia mjukuu, ila naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Sitatia chumvi. Mengine humu ningependa yasiwe kweli, lakini ni kweli.

Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja. Ana watoto watano wa paka, wanahara, na watu wa kuwachukua wanakuja Jumamosi. Anauliza afanyeje.

Mchangiaji wa tatu akamjibu, "Gawa tu mkuu, watajijua huko huko." Akapata likes nyingi.

Niliweka simu chini. Siku mbili sikuweza kuacha kuliwaza lile jibu, kwa sababu mimi niliwahi kulifuata kabla halijaandikwa.

Sasa sikilizeni.

Mwingereza alikuwa bado yupo bomani Lushoto, ingawa watu walishaanza kusema hana muda mrefu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeolewa miezi minne.

Kwetu ni Muheza, mimi ni Mbondei. Mume wangu Elia alikuwa Mshambaa, mwalimu wa shule ya misheni, na tulikaa kwa mama yake, juu kidogo ya mji, njia ya kwenda Magamba. Kishambaa nilikielewa, maana hakiko mbali na Kibondei, ila nikifungua mdomo wifi zangu walicheka. Kwa hiyo nikajifunza kunyamaza. Likumbukeni hilo, ndilo lililoniponza.

Mama mkwe, tukimwita Mama Elia, hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache humtisha mgeni kuliko mgomvi.

Mwaka ule panya walikuwa wengi mno. Mahindi yaliyowekwa darini, juu ya moshi, yalibaki magunzi. Paka alikuwa mali. Paka wa Mama Elia alipozaa wanne, watu walikuja kuweka oda kabla watoto hawajafumbua macho.

Walipofikisha kama mwezi, mama yao hakurudi. Tulimtafuta, hatukumwona. Labda mtego, labda mnyama wa msituni.

Mama Elia akaniletea kapu jikoni. Akasema, "Mkaza mwanangu, hawa ni wako mpaka wenyewe waje kuwachukua."

Wakuu, ilikuwa kazi ya kwanza katika nyumba ile niliyopewa peke yangu. Nilifurahi kama nimepewa shamba.

Na furaha ile ndiyo iliyowaumiza. Niliwapa maziwa ya ng'ombe yaliyotoka kukamuliwa, asubuhi, mchana na jioni, mpaka matumbo yakakaza kama ngoma. Nikaongeza bada, ugali wa muhogo, iliyobaki. Nikaongeza dagaa. Kila walipolia, nilidhani ni njaa.

Siku ya tatu wakaanza kuhara. Maji ya njano, harufu kali, mikia imelowa.

Hapo ndipo ningetakiwa kusema. Sentensi moja tu, "Mama, paka wanahara."

Sikusema. Niliwaza, nimepewa kazi moja na nimeiharibu, wataniona Mbondei asiyejua hata kulea paka. Nikawa nafua matambara mtoni mapema, namwaga majivu jikoni, nafagia. Na maziwa nikazidisha, eti wapate nguvu.

Yule mdogo kuliko wote alikufa siku ya tano. Nikamzika nyuma ya migomba. Mama Elia alipouliza mbona watatu, nikamjibu, "Kipanga amemchukua, Mama."

Akatazama juu muda mrefu. Kisha akaenda kuwafungia vifaranga wake wote bandani.

Kesho yake akaja Mama Pelagia.

Huyu alikuwa mjane, Mkatoliki wa Rangwi. Kila gulio, soko la kila wiki, aliteremka kwa miguu na maharage kichwani, analala kwetu, asubuhi anarudi. Yeye na mama mkwe walikuwa marafiki tangu usichana. Alikuwa ameahidiwa paka, na alikuwa amemletea kitambaa cha sufi cha kumfunika njiani, maana baridi ya kule juu si mchezo.

Nikamchagulia dume mwekundu, kwa kuwa alionekana mnene kuliko wenzake. Asubuhi ile alikuwa amehara mara mbili. Nilichukua maji ya moto na kitambaa, nikampangusa nyuma vizuri, nikamkausha karibu na moto, ndipo nikampeleka.

"Mzuri huyu," akasema Mama Pelagia. "Anasumbua?"

"Hasumbui, mama."

Akaniombea baraka, akaondoka naye.

(Nimerudi, wakuu. Niliitwa kula. Tuendelee.)

Gulio lililofuata Mama Pelagia alikuja na maharage yake kama kawaida. Tukakaa jikoni asubuhi, sisi wanawake watatu, yeye na mama mkwe wanapukuchua mahindi, mimi nachochea moto. Kapu lenye paka wawili waliobaki nilikuwa nimelisogeza nyuma ya kuni.

Mama Elia akamuuliza habari za paka.

"Alikufa," akasema. "Siku ya pili tu. Alihara mpaka akaisha."

Nikaendelea kusukuma kuni motoni.

"Mimi nadhani nilimkosea," akaendelea, sauti ya chini. "Labda nilimchosha njiani. Labda maziwa yangu. Nimelala naye kifuani nikimpa joto, wapi." Akaweka gunzi chini. "Mama Elia, nitakuambia jambo. Wifi yangu anasema mkono wangu hauweki kitu. Walikufa mbuzi wawili, akafuata baba Pelagia, na sasa hata paka. Anawaambia majirani wasinipe mbegu nikawashikia. Zamani nilikuwa namcheka. Sasa naanza kujitazama huu mkono."

Na kweli akaufungua mkono wake, akautazama.

Angekuja kunilaumu, ningekuwa na cha kujitetea. Lakini mtu kujilaumu kwa kosa langu, tena ameketi mbele yangu anatazama kiganja chake, hilo sikuliweza.

Nikasema, "Mama, paka alikuwa mgonjwa."

Wote wakanigeukia.

"Alikuwa anahara kabla hujamchukua. Nilimpangusa ili usione. Na yule mdogo hakuchukuliwa na kipanga, alikufa. Hawa wawili nao wanahara."

Nilitegemea kelele. Mama Elia aliinuka taratibu, akatoka nje. Nikamsikia anafungua banda. Vifaranga wakatoka mbio, wiki nzima walikuwa gizani kwa uongo wangu.

Akarudi, akasimama mlangoni.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu, Mama."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

Nililia. Hakuna aliyenibembeleza, na nawashukuru hadi leo kwa hilo.

Mama Pelagia alirudi kupukuchua mahindi.

Mama Elia ndiye aliyepanga yote. Kwanza tukachukua kapu, tukaenda mjini kwa bwana mifugo. Alikuwa Mzigua wa makamo, Bwana Saidi, kazi yake kudunga ng'ombe sindano. Alipoona kapu akacheka.

"Shikamoo Mama Elia. Mimi ni wa ng'ombe, hawa hata pembe hawana."

"Marahaba. Tumbo wanalo," akasema mama mkwe. "Watazame."

Akawatazama kweli. Akamshika mmoja, akavuta ngozi ya shingo kwa vidole. Ikabaki imesimama, haikurudi haraka.

"Umeona? Maji yamemwisha mwilini. Unawalisha nini?"

Nikamweleza yote, hadi dagaa. Safari hii sikuficha hata kimoja.

Akatikisa kichwa. "Maziwa ya ng'ombe ni ya ndama, binti. Tumbo la paka haliyawezi, na wewe umewajaza kama magunia." Akabonyeza tumbo. "Na minyoo wamo."

Maelekezo yake nayakumbuka. Maziwa yakome. Maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu, yenye sukari kidogo na chumvi chembe, niwape kwa kidole, kidogo kidogo, mchana kutwa. Wakipata nafuu, niwape maji ya wali, kisha kuku wa kuchemsha aliyesagwa laini, kijiko kimoja kwa wakati. Wakae pakavu penye joto. Majivu ya choo chao nibadilishe kila mara, nami ninawe mikono. Dawa ya minyoo alinipa unga kwenye karatasi, akasema nisiwape mpaka wapate nguvu kwanza, akanionyesha kipimo kwenye ncha ya kisu.

Hapa niwaambie vijana, hiyo ilikuwa enzi yetu. Leo vet wapo, mpelekeni mnyama kwa vet, msifuate bibi wa mtandaoni. Na mtoto wa paka anayehara ni wa kuwahishwa leo hii. Mwili wake mdogo, anaisha upesi kuliko mnavyodhani.

Basi nikakaa na wale wawili. Siku ya kwanza mmoja alikuwa hainui kichwa. Nilimweka kwenye mkunjo wa kanga nikawa natembea naye, namtia maji mdomoni kwa kidole kila nikimaliza kazi moja. Siku ya tatu akanikwaruza. Wakuu, sijawahi kufurahia mkwaruzo kama ule.

Na siku niliyokuta choo kigumu kwenye majivu nilimwita Elia aje aone. Mwalimu mzima, amevaa tai, ameinama na mkewe wanatazama mavi ya paka. Akasema, "Hongera." Hakucheka, ila alitoka haraka.

Wenye oda wakaja kudai. Mama Elia akawajibu wote neno moja: "Bado." Alitaka siku saba za choo kizuri mfululizo. Siku ya tano choo cha yule wa kwenye kanga kikalegea kidogo, tukaanza kuhesabu upya.

Saba zilipotimia, Mama Pelagia alikuwa ameteremka tena gulioni. Mama mkwe akaniambia, "Utakwenda naye Rangwi, na paka. Maneno yaliyosemwa kule hayawezi kufutwa ukiwa Lushoto."

Tuliondoka alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito hatuoni hatua kumi mbele. Jike niliyemlea kwenye kanga nilimbeba mimi, ndani ya kapu. Njia nzima Mama Pelagia alizungumza habari za mvua na bei ya maharage. Habari ya paka hakuigusa. Niliteseka kuliko kama angenitukana.

Tulipokaribia kwake, wifi yake alikuwa analima kando ya njia na wanawake wengine wawili. Akaona kapu.

"Wifi, umeleta mwingine? Tuanze kuchimba shimo kabisa?"

Wale wawili wakacheka.

Nikasogea, nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Mkwe wa Mama Elia wa Lushoto. Mama, yule paka wa kwanza alitoka kwangu akiwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyemlisha vibaya, na nikamsafisha ili mama huyu asijue. Angekufa mikononi mwa yeyote. Mkono wake hauna kosa. Kosa ni langu."

Niliyasema kwa Kishambaa changu kibovu, nikichanganya na Kiswahili. Hakuna aliyecheka lafudhi.

Wifi akanitazama, akamtazama Mama Pelagia. Akasema, "Kumbe." Akainama akaendelea kulima.

Ni hilo tu. Hakuomba radhi. Lakini mmoja wa wale wanawake aliacha jembe, akaja kulipokea kapu kutoka mkononi mwangu, akatusindikiza mpaka nyumbani.

Ndani, Mama Pelagia alimweka paka karibu na mafiga. Ndipo akanigeukia, mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni.

"Jana alikula nini?"

"Kuku wa kuchemsha, mara nne, na maji."

"Choo?"

"Kigumu. Siku saba sasa. Ila siku nane zilizopita kililegea mara moja."

"Kingine?"

"Jicho la kushoto linatoa tongotongo kidogo asubuhi. Nalifuta kwa maji ya uvuguvugu."

Akainama, akaliangalia lile jicho. Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa ndiyo umenipa paka," akasema.

Mpaka anafariki, hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikuwahi kumwuliza. Ila kila gulio alinieleza habari za yule jike, alivyokamata panya, alivyozaa, nani kaja kuomba mtoto.

Kijana mwenye uzi ule, kama unasoma, ahirisha Jumamosi. Waambie wanaokuja kwamba paka wanahara, unawatibu, wasubiri. Anayempenda mnyama atasubiri, na asiyetaka kusubiri umeshamjua mapema.

Kuhara hakukuwa aibu. Ni tumbo tu, lina dawa. Kilichoua paka wangu wawili ni kwamba nilijali nitakavyoonekana kuliko walivyojisikia. Na kidogo kimwangushe mwanamke aliyekuwa ameanza kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Wajuzi wa mifugo, nikosoeni nilipokosea kwenye tiba. Na wewe uliyewahi kumkabidhi mtu kitu ukijua kina kasoro, ukanyamaza, karibu useme hapa chini ulichofanya baadaye. Mimi nitasoma yote, polepole, na miwani yangu.