Bi Biubwa Aliibiwa Wapi?

Mara ya kwanza nilipompelekea Bi Biubwa hina, aliinusa, akaisugua kiganjani, akaniambia, "Hii imepigwa jua kuliko wewe. Irudishe Mtwara." Nikashusha bei palepale. Mocímboa nzima, kule Msumbiji, akikubali mzigo yeye, wengine hawaulizi.

Kazi yake ni kupamba maharusi. Alikuwa akiwapiga picha mikono, miguu na nyuso, asisahau maua aliyochora, na kila mama alimwahidi kwamba hakuna mwanamume atakayeziona.

Mwaka jana akapigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu huyo akampa shikamoo, akauliza hali ya magoti yake, akawaombea dua marehemu wake, ndipo akaomba asomewe tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Bi Biubwa akamsomea zote.

"Mwizi gani anaamkia vizuri vile?" aliniuliza baadaye, amekasirika kwelikweli.

Wiki hiyohiyo picha za maharusi zikatokea mtandaoni, kwenye ukurasa wenye jina lake. Harusi mbili zikamkataa. Jirani yake Alima, ambaye bintiye alionekana kichwa wazi, akaacha kumwitikia salamu.

Bi Biubwa akaniomba nikamfasirie Kireno polisi. Nikamwambia sifanyi bure: anunue hina kwangu tu mpaka Idi.

"Wewe hata maiti ungemtoza," akasema. Tukakubaliana.

Askari Joaquim aliandika vizuri mpaka alipofika kwenye neno *local*. Tukio lilitendeka wapi? Namba ya mwizi ilikuwa ya Tanzania. "Basi aende Mtwara," akasema. "Limetendeka kule."

Nikafasiri. Bi Biubwa akanigeukia mimi, kana kwamba nimesema mimi.

"Nani kasema kule? Sikusema kule, sikusema pale. Nimesema mle!"

Kireno hakina mle. Nikajaribu *lá dentro*.

"Ndani ya nini?" akauliza Joaquim.

"Mle zilimo picha! Mwizi yuko kwao, sawa. Lakini mimi tarakimu nimezisoma nimekaa mkekani kwangu. Na Alima kamwona binti yake akiwa wapi? Jikoni kwake, hapa nyuma ya msikiti. Aibu imeshuka hapa, baba. Kama mle hamna polisi, mtaa huu unao."

Joaquim akacheka, akatafuna kalamu, kisha akaandika: Mocímboa da Praia, kwa njia ya intaneti. Akapiga muhuri.

Mpwa wa Bi Biubwa, Yasmin, mwalimu, akaituma karatasi ile kwa wenye mtandao. Siku ya nane ukurasa ukafungwa. Mwizi hakupatikana.

Maharusi wamerudi, Alima bado. Bi Biubwa hapigi picha tena. Maua mengine yamemtoka kichwani, naye anajua yamemtoka. Ahadi yetu aliitimiza mpaka Idi, na kesho yake akanunua hina kwa Hassane, mshindani wangu.

"Yako nzuri, mwanangu," akaniambia, "ila ya Hassane rahisi."

Nikampoteza mteja mgumu kuliko wote niliowahi kuwapata ng'ambo ile ya Ruvuma. Nilimnunia siku mbili.