Boti Iliyozama Ikiwa Imefungwa Gatini

Boti yangu ilizama siku ambayo maji yalikuwa yametulia tuli. Upepo hakuna, wimbi hakuna, na ilikuwa imefungwa gatini kwa kamba mbili.

Soma tena kama hujanielewa. Haikugonga mwamba, haikupinduka. Ilikaa pale pale nilipoiacha jioni, ikanywa maji mpaka ikashiba.

Naandika haya kwa sababu inboksi yangu imejaa. "Kaka, nataka kuingia kwenye biashara ya boti, nianzie wapi?" Haya, kaeni mkao wa kula, nawajibu wote kwa mpigo mmoja.

Mimi nilianzia chini kabisa, kwenye kopo. Boti ya baba ilikuwa ya mbao, na boti ya mbao haikosi kuvuja. Basi mimi na kaka yangu tulikaa nyuma, tunachota tunamwaga, tunachota tunamwaga, huku baba anaendesha na kutucheka.

Nikapanda cheo, nikawa mtu wa kamba, wa kuifunga na kuifungua boti gatini. Kisha nikawa wa abiria: kupakia magunia, kuwavalisha watu majaketi ya kuokolea, kuwashika mkono akina mama wanaoapa kwamba hawapandi tena boti maishani, na kesho yake wapo foleni.

Mwisho nikawa nahodha wa boti za watu. Hiyo kazi isikieni tu. Unaendesha kisicho chako, na mwenyewe amekaa kivulini gatini anakuuliza mbona mafuta yameisha haraka.

Kaka hakupenda kulowa. Alijua kuongea, akajua na kuandika barua, umoja wa wenye boti ukamfanya katibu. Akapata meza na feni. Gati zima likawa linamwita Katibu, hata mimi mdogo wake nikajikuta namwita hivyo.

Baba alipofariki, boti yake ilikuwa imeoza, tukaipasua kuni. Kilichobaki ni kizibo chake cha shaba.

Kwa wasiojua: boti ina tundu dogo chini, upande wa nyuma. Ukiivuta nchi kavu kuiosha, unafungua kizibo kwa ndani, maji machafu yanatoka. Ukiirudisha majini ukasahau kukirudisha, umekwisha.

Ndiyo maana baba alikuwa na sheria yake. Kizibo kikitoka tunduni hakiwekwi chini wala mfukoni. Kinafungwa kwenye kamba moja na ufunguo wa injini, ili mtu asiweze kuwasha bila kukiona. Wenzetu wote gatini wanavitupia kwenye ndoo. Nyumba iliyofunga kizibo kwenye ufunguo ilikuwa ya kwetu peke yake.

Nilipofanikiwa kununua boti yangu ya faiba, nilimwambia fundi atengeneze tundu la kuingia kizibo cha baba. Fundi alinicheka, akaniambia vya plastiki vimejaa dukani. Nikamwambia wewe tengeneza.

Siku ya kuishusha majini kaka alikuja. Akakigusa kile kizibo, akapitisha kidole kwenye ukingo uliobonyea, pale baba alipokigonga nyundo siku kilipogoma kufunguka.

"Umechukua cha baba hata bila kuniuliza," aliniambia.

Nikadhani ananitania. Nikacheka, na yeye akacheka.

Sasa, mwenye boti hana mshahara. Leo anakodiwa na maharusi, kesho anabeba saruji, keshokutwa anakaa gatini anaangalia mawingu. Kwa hiyo hospitali ya ng'ambo ilipotangaza kwamba inatafuta boti ya kuwavusha wauguzi asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, sikulala kwa furaha. Boti yangu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Kilichobaki ni ukaguzi tu. Mama watoto alishaanza kumwambia binti yetu mkubwa aandae sare, atarudi shule.

Asubuhi ya ukaguzi mlinzi wa gati alinipigia simu.

"Njoo uone boti yako."

"Ina nini?"

"Wewe njoo tu."

Nilikuta pua peke yake imebaki juu, kamba zimekaza kama zitakatika. Niliruka na nguo zangu. Nikapapasa kule chini mpaka nikalipata tundu, kidole kikaingia chote.

Kizibo hakikuwepo. Na kizibo kile hakitoki chenyewe, kinazungushwa kwa nguvu.

Mlinzi aliapa kwa mama yake mzazi kwamba hakuna mgeni aliyekanyaga gati lile. Wakaguzi wakafika, wakaangalia, mmoja akaniambia pole, wakaenda kwenye boti iliyofuata. Injini ilikuwa imeshakufa.

Kaka alikuja mbio. Akanishika bega mbele ya watu wote.

"Ni wivu, mdogo wangu. Hapa gatini pana nyoka."

Wiki ile alikuja nyumbani kila jioni, na unga, na sukari. Mama watoto akasema ndugu ni huyu. Nami niliamini, kwani ningeamini nini kingine?

Mkataba ulichukuliwa na kampuni mpya ambayo hakuna aliyemjua mwenyewe. Boti yao ilikuwa nyeupe, nzuri, inapita mbele ya macho yangu asubuhi na jioni. Binti yangu akaikunja sare, akairudisha kabatini bila kuniuliza kitu. Hilo liliniuma kuliko injini.

Siku moja kaka akaniita ofisini kwake. Akaniambia ile boti ya hospitali inatafuta nahodha, na yeye ameshanisemea. Nilimshukuru mpaka nikaona aibu. Kurudi kuendesha cha mtu si jambo dogo, lakini watoto hawali fahari.

Siku yangu ya kwanza niliikuta boti imevutwa nchi kavu, imeoshwa. Muoshaji akanirushia ufunguo.

Niliudaka, na mkono ukajua kabla ya macho. Ulikuwa mzito.

Kwenye kamba ya ufunguo kilining'inia kizibo cha shaba, ukingo umebonyea upande mmoja.

Nikakaa pale pale kwenye mchanga. Muoshaji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Kisha nikainuka, nikaenda ofisi ya umoja. Feni ilikuwa inazunguka. Nikaweka ufunguo mezani, na kizibo chake. Kaka alikitazama, wala hakuuliza ni kitu gani.

"Boti ni yako?" nilimuuliza.

"Ni yangu."

"Na hiki?"

Akaniangalia kwa uchungu, kama mimi ndiye niliyemkosea.

"Ulitaka nikitupe majini? Si cha baba?"

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi mno. Aliweza kuizamisha boti yangu, na injini, na shule ya mwanangu. Kizibo cha baba akashindwa kukitupa.

Mlinzi hakuwa amedanganya. Mgeni hakupita kweli.

Nilikifungua kizibo kwenye kamba, ufunguo nikamwachia.

"Wauguzi wanasubiri," alisema.

"Boti yako iko nchi kavu na ina tundu. Kanunue kizibo chako."

"Na wewe utakula nini?"

Nikatoka, kizibo nimekishika mkononi.

Leo niko gati jingine, mtu wa kamba kwenye boti ya mtu, kazi niliyoifanya nikiwa sijaota ndevu. Mama yetu anaulizaga mbona sionekani kwa kaka yangu. Namwambia kazi zimenibana. Sina moyo wa kumwambia, ana watoto wawili tu.

Kwa hiyo ninyi wa inboksi, anzeni na kopo, halafu kamba, halafu injini. Wageni msiwaogope, hao mlinzi atawaona. Ila siku mnaposhusha boti zenu majini, watazameni vizuri wanaowapigia makofi, hasa yule anayejua tundu liko wapi.

Kizibo ninacho. Nimekifunga kwenye ufunguo wa mlango wa nyumba.