Bananiita Mama Musalaba, na mutoto wangu amesikia

Jambo kwenu bote munaosoma hii page. Admin, uniwekee hii maneno lakini jina yangu ufiche, juu katika parokia yetu bananijua sana. Miye ni mama wa miaka makumi ine na saba, niko naishi Naviundu, hapa Lubumbashi. Nauzisha sombe, majani ya muhogo, na samaki ya kukauka. Masomo yangu iliishia primaire, munisamehe kama siandiki muzuri. Niko na batoto batano. Wa mwisho, nitamuita hapa Gloria, iko na miaka kumi na mbili. Alizaliwa na trisomie, ile banaitaka Down, akili inakawia.

Gloria alikawia sana kusema. Mpaka miaka tano ilikuwa paka "mm, mm" tu na kunyoosha kidole. Masista bako na kituo cha batoto ba namna yake, nikakuwa namupeleka kwa miguu, mara mbili kwa juma. Sista anamusimamisha mbele ya kioo: "Huyu nani?" Miezi na miezi, "Huyu nani?" Siku moja Gloria akajipiga kifua, akasema: "Golia." Nililia mpaka sista akanipa kitambaa chake. Kutoka siku ile, kila asubui alisimama mbele ya kioo yetu yenye kupasuka, pale pembeni ya mulango, anajisalimia: "Jambo Golia! Umelala muzuri?" Kiisha anajijibu mwenyewe: "Muzuri, aksanti." Ndugu zake bakubwa banamuchokoza: "Eh, Madame Ministre, masomo inakungojea!" Anacheka, anajisalimia tena.

Sasa kosa yangu. Katika kikundi chetu cha maombi tunatoaka ushuhuda. Mbele ya Kwaresima nilisimama nikasema: "Mungu alinipa musalaba. Ni huyu mutoto. Iko nzito, lakini nabeba." Bamama balilia, bakaimba. Gloria alikuwa ameikaa mbele kabisa, anapiga mikono pamoja na bote. Nilizania haelewi. Miaka yote ile ya kioo, na bado nilizania haelewi.

Munajua desturi yetu, mwanamuke anaitwa kwa jina ya mutoto wake. Miye nilikuwa Mama Gloria. Nyuma ya ushuhuda ule bamama bakaanza kuniita Mama Musalaba. Kwa upendo kabisa: "Mama Musalaba, karibia hapa mbele!" Na nitasema kweli mbele ya Mungu, ilinifurahisha. Miaka yote bantu bananong'ona nikipita, banasema sijui nilikula nini na mimba. Sasa nilikuwa na heshima. Sikufikiri kama kuko muntu anasikiliza, anajiuliza: kama huyu ni Mama Musalaba, basi miye ni nani?

Juma tatu zimepita, katekista alikuwa anafundisha batoto ba komunyo ya kwanza. Siku ya komunyo kila mutoto anasimama, anasema jina yake kwa sauti, padri anamubariki. Kwa kujifunza, katekista akamuuliza Gloria: "Na wewe, unaitwaka nani?" Gloria akasimama sawasawa, akasema: "Musalaba." Batoto bakacheka. "Hapana, Gloria, sema jina yako ya kweli." Akasema: "Musalaba. Ya mama."

Nilimupeleka mbele ya kioo. "Huyu nani?" Akageuza uso. Tangu pale hajisalimii tena, anapita pale kama vile hakuna muntu ndani. Na chakula ameacha. Gloria, mwenye anapendaka bukari, ugali yetu, kuliko sisi bote! Mukubwa wake mumoja akamuuliza: "Uko unagonjwa?" Akasukuma sahani, akasema neno moja: "Nzito." Anakula matonge mbili tu, basi. Kanisani alikuwa ananiegemea bega. Sasa anakaa mbali na miye, amejishika mikono.

Baba yake anaendesha lori ya kwenda Sakania, ku mupaka. Aliporudi nikamwambia yote. Hakupiga makelele. Akasema: "Ulisema mbele ya bantu. Ukaondoe mbele ya bantu." Nikaenda kwa mukubwa wa kikundi, nikamuomba dakika tano tu. Akanishika mukono: "Mama Musalaba, unataka kukataa kile Mungu alikupa? Ni Shetani anakuzungusha." Katekista naye anasema tumuache Gloria mpaka mwaka kesho, batoto basimucheke. Robe yake nyeupe ya komunyo imeshatundikwa. Na miye naogopa: nikisimama kuondoa, atasikia neno ile tena kwa kinywa changu, mbele ya bantu tena. Kama atashika paka ile neno tu na kuacha ingine?

Juzi nilimufunga mugongoni na kikwembe, kama wakati alikuwa mudogo. Nilitaka ajue mwenyewe kama haiko muzigo kwangu. Nikazunguka naye mbele ya nyumba, bajirani banaangalia, sikujali. Akaniuliza ku sikio: "Mama, nzito?" Nikamujibu: "Hapana, mwanangu. Hapana hata kidogo." Lakini nilikuwa nahema kwa nguvu, na alisikia. Akafungua kikwembe, akashuka polepole, akanipanguza jasho na mukono wake. Chakula ya mangaribi hakugusa.

Komunyo ni siku ya Mungu, Jumapili yenye inakuja. Bamama na bababa zangu, hata mwenye hasali, munishauri kwa haraka: nisimame mbele yabo bote ao ninyamaze? Na mama anafanya namna gani kumurudishia mutoto wake jina yenye alimunyang'anya?